Kampuni ndogo ya teknolojia ya afya ya Arusha: je, inastahili makala katika Wikipedia ya Kiswahili?

Mhariri wa Ngarenaro

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaomba ushauri wenu katika jambo ambalo nimeshindwa kuliamua peke yangu.

Ipo kampuni moja hapa Arusha, yenye ofisi ya vyumba viwili si mbali na Mnara wa Saa, ambayo imetengeneza mfumo wa kuzisaidia zahanati na maduka ya dawa muhimu kufuatilia akiba ya dawa kwa simu ya kawaida. Kila mwisho wa juma mhudumu hutuma ujumbe mfupi akitaja kiasi cha dawa kilichobaki, na dawa inapokaribia kuisha mfumo humwarifu msimamizi wake. Siku hizi wameongeza huduma ya kuwakumbusha wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu tarehe zao za kliniki. Sitaitaja kampuni hiyo kwa jina, kwa kuwa sipendi mjadala huu nao ugeuke tangazo.

Anayetaka makala iandikwe ni rafiki yangu wa tangu shule, ambaye sasa anashughulikia mawasiliano ya kampuni. Amenitumia viungo kadhaa: habari mbili za magazeti ya Kiswahili kuhusu uzinduzi wa mfumo, mahojiano ya mwanzilishi katika redio ya hapa mjini, orodha ya waliofika fainali ya shindano la wabunifu, ukurasa wa mfadhili, cheti cha usajili wa BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara), na makala ya kitafiti iliyochapishwa katika jarida la kisayansi kuhusu matumizi ya mfumo huo katika zahanati za Arumeru na Hai.

Upande mmoja ninaona kazi yao ina manufaa ya kweli, na muuguzi mmoja wa Arumeru ameniambia kwamba tangu waanze kuutumia haandiki tena barua ya kuomba dawa akiwa tayari ameishiwa. Upande wa pili ninahofu kwamba nikiiandika makala hiyo leo, kesho kutwa itakuwa katika ukurasa wa Makala kwa Ufutaji. Je, vyanzo hivi vinatosha? Niseme pia, ili nisifiche kitu, kwamba rafiki yangu ameahidi kuninunulia bando la mwezi mmoja kwa ajili ya muda nitakaoutumia. Je, hilo lina tatizo lolote?

Mkutubi wa Moshi

Ndugu Mhariri, umeuliza maswali mawili, na nitaanza na la bando kwa sababu jibu lake ni fupi. Masharti ya matumizi ya Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, tangu mwaka 2014, yanamtaka kila anayehariri kwa malipo amtaje hadharani mwajiri wake, mteja wake na uhusiano alio nao, na malipo yanayozungumziwa hapo si fedha taslimu peke yake bali pia vitu na huduma. Bando la mwezi ni malipo. Unaweza kulipokea na ukatangaza hivyo katika ukurasa wako wa mtumiaji, katika ukurasa wa majadiliano wa makala au katika muhtasari wa hariri, au unaweza kulikataa. Mimi ningelikataa, maana mhariri wa kujitolea aliyetangaza kwamba amelipwa bando hataaminiwa tena kwa wepesi hata atakapoandika kuhusu Mto Kikuletwa.

Sasa tuje kwenye vyanzo, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu ndipo penye kazi. Kanuni ya umaarufu haiulizi kama kampuni ni njema, kama inaokoa maisha au kama ni ya vijana wetu wa nyumbani. Inauliza kama watu wasio na maslahi na kampuni hiyo wameona vyema, kwa hiari yao, kuichunguza na kuiandika kwa kina katika vyanzo vinavyoaminika. Chanzo kimoja kinapaswa kupita mitihani yote kwa wakati mmoja: kiwe huru, kiwe cha kuaminika, kiizungumzie kampuni kwa kina, na kiwe na uchambuzi wa mwandishi mwenyewe badala ya kupitisha tu maneno ya wahusika. Baada ya hapo vyanzo vya namna hiyo viwe zaidi ya kimoja. Habari tano ambazo kila moja imefeli mtihani wake hazijumlishwi zikawa chanzo kimoja kilichofaulu.

Umenitumia viungo hivyo kwa ujumbe binafsi na nimevisoma vyote. Habari ya gazeti la kwanza ina aya kumi na moja. Katika aya tisa utakutana na «alisema», «aliongeza», «alibainisha» au «alifafanua», na msemaji katika zote ni mkurugenzi yuleyule. Yasiyotoka kinywani mwake ni tarehe ya hafla, jina la ukumbi na cheo cha mgeni rasmi. Hakuna zahanati hata moja ambayo mwandishi aliitembelea, hakuna mhudumu aliyeulizwa kama ujumbe hufika siku ambazo mtandao unasumbua, na hakuna mtaalamu wa nje aliyepewa nafasi ya kusema neno. Gazeti la pili limebadilisha kichwa cha habari na kupunguza aya mbili za mwisho, lakini neno «wagonjwa» limeandikwa «wagojwa», bila n, mahali palepale ilipokosewa katika gazeti la kwanza. Maana yake ni kwamba magazeti yote mawili yalipokea taarifa moja kwa vyombo vya habari, na taarifa hiyo iliandikwa na kampuni. Mbele ya kanuni hivyo si vyanzo viwili, wala si kimoja. Mwamba ngoma huvutia kwake, na kanuni hii yote imetungwa kwa sababu hiyo.

Mahojiano ya redio yana hitilafu hiyohiyo kwa sura nyingine. Maelezo yote ni ya mwanzilishi, na mtangazaji hakuja na utafiti wake. Swali lake refu kuliko yote lilikuwa ni vijana wajifunze nini kutokana na safari ya mgeni wake. Orodha ya fainali ni mstari mmoja. Mfadhili ana sababu zake za kusifu alichokigharamia. Kuhusu BRELA, kampuni ya matofali ya Kwa Mrombo nayo inacho cheti.

Inabaki makala ya kitafiti, ambayo ndiyo nzito kuliko vyote na ndiyo iliyonifanya niandike kwa kirefu. Ukifika mwishoni, kwenye tamko la maslahi, utaona kwamba wawili kati ya waandishi watano ni waajiriwa wa kampuni. Hilo haliufanyi utafiti kuwa wa uongo, na kulitangaza ni uungwana. Ila haiwezi kuitwa sauti ya mtu wa nje. Linganisha na mradi wa SMS for Life, ambao kwa bahati ulihusu jambo hilohilo la akiba ya dawa kwa ujumbe mfupi. Majaribio yake yalifanyika hapa Tanzania mwaka 2009 hadi 2010 katika wilaya tatu, yaani Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, kwa majuma 21 katika vituo 129, chini ya ushirikiano wa wizara ya afya, ubia wa kimataifa wa kupambana na malaria uitwao Roll Back Malaria, na kampuni za Novartis (ya dawa), Vodafone (ya simu) na IBM (ya kompyuta). Matokeo yalichapishwa katika jarida la kisayansi la Malaria Journal mwaka 2010, na miongoni mwa walioyaandika walikuwemo waendeshaji wa mradi. Kama habari ingeishia hapo, mradi ule nao ungekuwa mahali ilipo kampuni yako leo. Lakini watafiti walioko Kenya waliujaribu mfumo huo kwao na kuchapisha matokeo yao katika jarida la PLoS ONE mwaka 2013. Watu ambao kwa sehemu kubwa walikuwa wengine, mahali pengine, waliona kuna jambo la kupimwa, na ushahidi unaoelekea huko ndio ninaoutafuta.

Kwa hiyo jibu langu kwa leo ni hapana.

Mwanafunzi Tengeru

Shikamoo Mkutubi. Ninaheshimu uchambuzi wako, na sina ubishi kuhusu yale magazeti mawili, lakini hitimisho lako ninalipinga kwa sehemu.

Kanuni unayoieleza ilikomazwa katika Wikipedia ya Kiingereza, na nyuma yake kuna nchi zenye magazeti mengi, majarida ya teknolojia na waandishi wanaolipwa mshahara wa kuchunguza kampuni changa. Kwetu habari za mikoani huandikwa na waandishi wa kujitegemea, ambao wengi wao hulipwa kwa kila habari iliyochapishwa na nauli wanajitafutia. Ukimtaka mwandishi wa Arusha aende zahanati tatu za Arumeru, alale huko, kisha aandike habari moja, unamtaka afanye kazi ya hasara. Kampuni ya ukubwa huohuo ikiwa California itaandikwa kwa kina kwa sababu tu imezungukwa na waandishi, na kwa kigezo hicho hicho yetu itaonekana haipo. Wikipedia ya Kiswahili ina jumuiya yake tangu mwaka 2003 na ina haki ya kupima kwa mizani inayolingana na mazingira yake.

Kuhusu makala ya kitafiti, waandishi wawili ni wa kampuni, lakini watatu si wa kampuni, na jarida lilipeleka andiko kwa wataalamu wa nje kabla ya kulichapisha. Je, kazi ya watatu hao inafutwa na majina ya wawili? Mimi ninasoma Taasisi ya Nelson Mandela hapa Tengeru, na ninaweza kukuhakikishia kwamba katika fani yetu ni vigumu kumpata mtafiti anayeupima mfumo ambao hakushiriki kuujenga, kwa sababu data ziko mikononi mwa aliyeujenga.

Mkutubi wa Moshi

Marahaba, Mwanafunzi. Umenisogeza kidogo. Ninakubali kwamba makala ile ihesabiwe kuwa nusu ya ushahidi, na kwamba kingepatikana chanzo kimoja huru chenye kina pembeni yake ningeunga mkono makala iandikwe, ingawa nchi nyingine wangedai zaidi. Na chanzo hicho si lazima kiwe mtandaoni wala kiwe cha Kiingereza. Gazeti la karatasi linalohifadhiwa maktaba linakubalika, na kipindi cha redio ambamo mtangazaji amekwenda mwenyewe kuwahoji wahudumu na wagonjwa kinakubalika pia, ilimradi msomaji apate njia ya kukihakiki. Ukibahatika kupata kipindi kama hicho nijulishe.

Nisichokubali ni dhana kwamba wingi wa waandishi ndio siri ya mambo. Kampuni ya Theranos ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2003, iliandikwa mno na magazeti makubwa yenye waandishi wa mshahara, na sehemu kubwa ya waliyoandika ilikuwa ni maneno ya mwanzilishi wake kuhusu mashine ya kupima damu kwa matone machache. Ni mwezi Oktoba 2015 tu, gazeti la The Wall Street Journal lilipochapisha uchunguzi wake wenyewe, ndipo ilipodhihirika kwamba mashine haikuwa na uwezo uliotangazwa. Kampuni ilifungwa mwaka 2018, na Januari 2022 mwanzilishi alitiwa hatiani kwa ulaghai. Waliokuwa wakimnukuu tu walikuwa na kalamu nzuri na mishahara minono, na hawakutusaidia kitu. Tukilegeza kigezo kwa sababu ya umaskini wa vyombo vyetu, tutakachokuwa tumelegeza ni ule mtihani wa uhuru, na huo ndio pekee unaomlinda msomaji.

Mfamasia wa Majengo

Ndugu zangu, mimi si mhariri mzoefu, lakini nimefanya kazi ya dawa hapa Moshi kwa miaka mingi na ningependa kuongeza jambo ambalo ninyi mnalipita haraka, nalo ni kwamba hii ni kampuni ya afya.

Makala ya kampuni ya matofali ikikosea, msomaji atapata hasara ya matofali. Makala ya kampuni ya afya husomwa kwa jicho jingine. Mganga mfawidhi anayefikiria kununua mfumo ataitafuta mtandaoni, na ya kwanza kutokea itakuwa Wikipedia. Mtu anayeandika andiko la mradi kwa halmashauri ataichomeka kama ushahidi. Nimeona pia rasimu ambayo Ndugu Mhariri ameiweka katika ukurasa wake wa majaribio, na sentensi yake ya tatu inasema kwamba mfumo «umemaliza tatizo la ukosefu wa dawa» katika zahanati husika. Aliyewahi kusimama nyuma ya dirisha la dawa anajua kwamba dawa hukosekana kwa sababu nyingi: Bohari ya Dawa yenyewe haina, fedha za kituo hazijaingia, gari limekwama, au oda ilikosewa. Ujumbe mfupi unatibu sababu moja kati ya hizo, ile ya taarifa kuchelewa. Hata makala ya kitafiti, kama nilivyoisoma, inazungumzia siku za kuchelewa kwa taarifa na haidai zaidi ya hapo. Sentensi ile imetoka kwenye kipeperushi cha kampuni.

Halafu kuna wagonjwa. Mfumo unaohifadhi namba za simu za watu wenye kisukari unashika taarifa nyeti, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika. Mwandishi huru angeuliza taarifa hizo zinahifadhiwa wapi na nani anaziona. Katika vyanzo vyote mlivyovitaja hakuna aliyeuliza, na kwangu hicho ni kipimo kizuri cha uhuru wa chanzo kuliko kuhesabu aya.

Ningependekeza njia nyingine. Hatuna makala ya Kiswahili inayoeleza kwa mapana matumizi ya simu katika huduma za afya Tanzania, wakati vyanzo vyake ni vingi na vizuri. Ipo SMS for Life aliyoitaja Mkutubi. Ipo kampeni ya Wazazi Nipendeni iliyoanza Novemba 2012, ambapo mama mjamzito alituma neno kwenda namba 15001 na kupokea ujumbe wa kumwongoza bila malipo. Upo Mkakati wa Taifa wa Afya ya Kidijitali wa 2019 hadi 2024, na upo GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kusimamia taarifa za hospitali na vituo vya afya, ambao wengi wetu tunaujua kwa foleni za dirishani. Hata historia ya maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, ingepata mahali pake. Ndani ya makala hiyo kampuni ya Arusha inaweza kupata sentensi yake, na haki yake itakuwa imetendeka bila kuibebesha makala nzima ambayo haina miguu ya kusimamia.

Mhariri wa Ngarenaro

Ninawashukuru sana. Bando nimelikataa, na rafiki yangu hakufurahi, ingawa alipoonyeshwa masharti ya mwaka 2014 alielewa. Sentensi ya «umemaliza tatizo» nimeifuta leo asubuhi.

Pendekezo la Mfamasia ninalipenda, na ninadhani ninaweza kuianza makala hiyo kwa majaribio ya 2009 kwa kuwa vyanzo vyake vinapatikana bure mtandaoni. Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, kampuni ikitajwa ndani ya makala pana inalazimika nayo kutimiza kigezo cha umaarufu? Na je, rasimu niliyokwisha kuiandika niifute kabisa?

Mwanafunzi Tengeru

Kuhusu makala pana tuko pamoja, nami nitaandika sehemu ya GoTHOMIS. Rasimu usiifute. Iache katika ukurasa wako wa majaribio, maana mwanafunzi mmoja wa hapa chuoni anakusanya data kuhusu mifumo mitatu ya akiba ya dawa, ukiwemo huo, na hana uhusiano wowote na kampuni hizo. Kazi yake ikichapishwa tutarudi hapa na Mkutubi atabanwa.

Mkutubi wa Moshi

Nitabanwa kwa furaha. Nikujibu, Ndugu Mhariri. Kigezo cha umaarufu kinahusu kama jambo linastahili makala yake lenyewe, hakihusu kila jina linalotajwa ndani ya makala nyingine. Huko ndani yatosha kuwa na chanzo cha kuaminika kwa kile kinachosemwa, na kutoipa kampuni nafasi kubwa kuliko uzito wake. Aya nzima kwa kampuni moja, wakati Wazazi Nipendeni imepewa mistari miwili, itakuwa imepitiliza. Ukipenda, unaweza pia kuifungulia kipengele katika Wikidata, hazina ya data iliyo dada ya Wikipedia, ambako masharti ni mepesi zaidi: inatosha kiwe kitu kinachotambulika bayana na kuelezeka kwa marejeo ya hadharani. Huko weka mwaka wa kuanzishwa, mji na tovuti, usiweke sifa. Elekezo la jina la kampuni kwenda kwenye makala pana liundwe baada ya makala hiyo kukamilika, lisije likaelekeza pasipo na kitu.

Kuhusu sentensi yenyewe, mimi ningeiandika hivi, na makala ya kitafiti ikiwa ndiyo chanzo chake: «Mfumo wa namna hii umejaribiwa pia katika zahanati za wilaya za Arumeru na Hai, katika utafiti ambao baadhi ya waandishi wake ni waajiriwa wa kampuni iliyoutengeneza.»